Kanisa la Carmo, Lisbon: gofu ambalo watu waliamua lisiezekwe

#1 MwanaMzizima

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilitumiwa picha ya kanisa lisilo na paa, matao matupu na mbingu ya bluu juu yake. Chini imeandikwa: "Kanisa la karne ya 14, tetemeko lilibomoa, limebaki vilevile mpaka leo." Picha hiyo inazunguka sana. Mimi niko Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa shughuli za ujenzi, na kanisa lenyewe napita mlangoni pake karibu kila siku. Maelezo yale yana kosa, na kosa lenyewe ndilo linalonifanya nishushe uzi huu: yale matao mnayoyaona pichani hayakunusurika kwenye tetemeko. Yalijengwa baada ya tetemeko, yakaachwa njiani. Gofu lile lina mikono mingi ndani yake. Tetemeko ni mkono mmoja tu.

Nianze mwanzo.

Kanisa linaitwa Carmo, maana yake Mlima Karmeli, kwa kuwa lilikuwa la watawa Wakarmeli. Liko juu ya kilima katikati ya mji, linatazamana na ngome ya Mtakatifu George iliyo kilima cha pili, na bondeni katikati yao ndiko kwenye uwanja wa Rossio. Aliyelijenga ni Nuno Álvares Pereira, jemadari mkuu wa Ureno. Tarehe 14 Agosti 1385, akiwa kijana wa miaka 25, alikuwa mbele katika vita vya Aljubarrota, ambako jeshi dogo la Wareno liliwashinda Wakastilia, watu wa ufalme jirani ulio Hispania ya leo, waliokuwa wengi kuliko wao kwa mbali. Ureno ikabaki na mfalme wake, João wa Kwanza, na Nuno akatunukiwa mashamba na vyeo mpaka akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi.

Ujenzi ulianza 1389. Mtu wa kazi yangu akilitazama lile eneo, jambo la kwanza analojiuliza ni kwa nini pale. Kanisa kubwa la mawe, la Kigothi, limewekwa ukingoni mwa mteremko mkali! Na kweli msingi uliwasumbua. Masimulizi ya watawa yanasema ulititia mara mbili, na Nuno akaapa kwamba ukititia tena ataumwaga wa shaba. Walilazimika kuegemeza ukuta wa upande wa bondeni kwa nguzo nene na matao ya nje, ambayo hadi leo unayaona ukiwa chini Rossio.

Watawa wa kwanza waliingia miaka michache baadaye. Mwaka 1423 jemadari mwenyewe, mjane tayari, aligawa mali zake akaingia humo humo kama bruda wa kawaida. Hakutaka upadri wala cheo. Mtu aliyekuwa jemadari mkuu wa nchi akawa anavaa joho la kitawa na kugawa chakula kwa maskini mlangoni. Alifariki 1431 na kuzikwa humo. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Nitaendelea jioni na habari za tetemeko lenyewe, la 1755. Niko kazini.

#2 BintiMrima

Asante kaka, uzi mzuri. Swali la mtu asiye fundi: mnaposema kanisa la Kigothi mnamaanisha nini hasa? Ni kabila, ni dini, ni nini?

#3 MwanaMzizima

Dada, ni mtindo wa kujenga. Ulianzia Ufaransa katika karne ya 12 ukasambaa Ulaya. Siri yake ni tao lenye ncha. Tao la duara likibeba paa la mawe linasukuma kuta kwenda nje kwa nguvu sana, hivyo unalazimika kujenga kuta nene na madirisha madogo. Tao lenye ncha linapeleka uzito zaidi chini kuliko pembeni. Ukiongeza mbavu za mawe kwenye dari na matao ya kuegemea kwa nje, ukuta unakuwa mwembamba, kanisa linapanda juu, na madirisha yanakuwa makubwa, mwanga unaingia.

Ukitaka kuona sura yake bila kupanda ndege, simama mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Sokoine Drive, Dar. Lile si la zama za kati, Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902, lakini walifuata mtindo huo huo.

#4 Mswahili_wa_Malindi

Niongeze kidogo hapo. Tao lenye ncha lisichukuliwe kuwa jambo la Ulaya peke yake. Nenda Gede uangalie mlango wa jumba la mfalme, au mihirabu ya misikiti ya zamani ya pwani yetu, utaliona. Waislamu walikuwa wakilijenga kabla Ulaya haijalijua. Wakati Nuno anachimba msingi wake, Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa umeshapanuliwa kwa nguzo, matao na makuba ya mawe ya matumbawe. Nasema hivi kwa sababu vijana wetu wakiona gofu la Ulaya wanasema "hawa walikuwa mbali", na huku Gede imesimama msituni kilomita chache kutoka Watamu na hawajawahi kuingia.

#5 MwanaMzizima

Mkuu #4, nakubaliana nawe neno kwa neno. Na Wareno wenyewe waliiona Kilwa ikiwa hai. Walipoivamia 1505 wakiwa na Francisco de Almeida, kanisa hili la Carmo lilikuwa zima na kengele zake zinalia. Nalifikiria hilo kila ninapolipita.

Sasa 1755.

Tarehe 1 Novemba, Jumamosi, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yote ya Lisbon yamejaa, mishumaa imewashwa kila altare. Saa 3 na dakika 40 hivi asubuhi ardhi ikaanza kutikisika. Mishindo ilikuwa mitatu ndani ya dakika chache. Chanzo kilikuwa chini ya Bahari ya Atlantiki, kusini magharibi ya Ureno, na wataalamu wa leo wanakadiria ukubwa wake kuwa 8.5 au zaidi.

Waliosalimika walikimbilia ufukweni mwa mto Tejo, kwenye uwazi, mbali na kuta. Wakaona maji yanarudi nyuma mpaka matope ya chini yanaonekana na mabaki ya meli. Kisha bahari ikaja. Waliokuwa ufukweni wengi walikwenda na maji. Na kule ambako maji hayakufika, moto ulishika kutokana na mishumaa na majiko, ukawaka siku tano hivi. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu. Jumba la opera la mfalme lililofunguliwa mwaka huo huo liliteketea. Maktaba ya mfalme, vitabu 70,000 vinavyotajwa, iliteketea.

Carmo liko juu, maji hayakulifikia. Lililoliangusha ni mtikisiko. Dari ya mawe ya Kigothi inasimama kwa mizani: kila jiwe linaegemea jenzake, na kuta zikisogea kidogo tu, mbavu zinafunguka na dari nzima inashuka. Ilishuka juu ya waumini. Kisha moto ukaingia, ukachukua samani, picha, na maktaba ya watawa yenye vitabu kama 5,000. Kaburi la Nuno nalo likavunjika.

Watawa wa Trindade, jirani kabisa na hapo, nao waliangukiwa na jengo lao siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mpaka leo Mreno akitaka kusema jambo limezua kizaazaa kikubwa husema "imeanguka Carmo na Trindade". Na akiapa kutorudi nyuma husema atafanya "hata ikianguka Carmo na Trindade". Nimesikia nyapara wetu akilisema mara nyingi bila kufikiria kwamba kanisa lenyewe liko mitaa miwili kutoka tulipo.

#6 Fundi_Boriti

Mkuu, hapa umenigusa kazini kwangu. Baada ya hapo walijengaje? Maana kujenga tena mawe juu ya mawe ni kuwachimbia watu kaburi.

#7 MwanaMzizima

Swali zuri sana. Mfalme José wa Kwanza aliogopa kuta tangu siku ile, akahamia kwenye mahema na nyumba za mbao huko Ajuda. Kazi ya kuujenga mji ilishikwa na waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, anayejulikana zaidi kama Marquês de Pombal. Wahandisi wake wa kijeshi wakaja na kitu ambacho hapa kinaitwa kizimba: ndani ya ukuta wa mawe kunakuwa na fremu ya mbao, miti ya wima, ya mlalo, na ya mshazari inayokatiza kama herufi X. Ardhi ikitikisika, mbao zinanepa, mawe yanaweza kudondoka lakini nyumba haikuangukii. Inaelezwa kwamba walijaribu mfano wake kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuuzunguka. Nyumba zenyewe zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa ardhini kwenye tope la bondeni, na maadamu maji ya chini hayakauki, mbao haziozi.

Jambo jingine alilofanya Pombal: alituma maswali kwenye kila parokia ya nchi. Tetemeko lilidumu muda gani, mishindo mingapi, bahari ilianza kupanda au kushuka, nyufa ziko wapi, wamekufa wangapi. Majibu yamehifadhiwa hadi leo na wataalamu wa matetemeko bado wanayatumia.

#8 Fundi_Boriti

Hicho kizimba nakielewa kabisa. Nyumba za zamani za Unguja na Lamu, boriti za mikoko zinafunga ukuta na ukuta, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba, urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Nyumba za fito na udongo nazo, ukuta ukipasuka fito zinashika. Babu yangu alikuwa akisema ukuta usio na mti ndani ni mzigo uliopangwa. Endelea mkuu.

#9 MwanaMzizima

Babu alisema kweli. Sasa tufike kwenye lile kosa la picha.

Watawa hawakuliacha kanisa. Walianza kulijenga upya mwaka uliofuata, 1756. Na jambo la kushangaza ni kwamba walilijenga kwa mtindo uleule wa zamani. Wakati huo Kigothi kilikuwa kimepitwa na wakati kwa karne mbili na zaidi! Bondeni kule chini Pombal alikuwa anapanga mitaa iliyonyooka kama uzi, nyumba zote sura moja, na huku juu Wakarmeli wanachonga tena nguzo na matao yenye ncha ili kanisa la mwanzilishi wao lirudi lilivyokuwa. Wanahistoria wanalihesabu miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya kuufufua mtindo huo Ureno.

Kwa hiyo ukisimama katikati ya kanisa leo, nguzo na matao yaliyo uchi juu yako ni ya karne ya 18. Ya zama za Nuno ni mlango mkuu wa magharibi, wenye matao yaliyopangana ndani kwa ndani kama vitunguu, na upande wa altare na vikanisa vyake, ambavyo vina paa. Mimi huwa naweka mkono kwenye jiwe la mlango kisha naenda kuweka kwenye nguzo. Yanapishana miaka 350 na zaidi.

Kazi ilikwenda polepole, paa halikufika. Mwaka 1834, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ya kiliberali ilivunja mashirika yote ya watawa wa kiume na kutwaa mali zao. Watawa wakatoka, ujenzi ukakoma hapo ulipofika. Nyumba ya watawa iliyoshikana na kanisa ikawa kambi ya askari. Hilo la kambi mlishike, nitalirudia.

Na huu hapa mkono wa mwisho. Katikati ya karne ya 19 ingewezekana kabisa kuezeka. Lakini zama hizo wasomi na wachoraji wa Ulaya walikuwa wanayapenda magofu, waliona mbingu ndani ya kanisa inasema zaidi kuliko dari. Wakaamua libaki hivyo, kumbukumbu ya 1755. Mwaka 1864 likakabidhiwa kwa chama cha wasanifu majengo na wanaakiolojia kilichoanzishwa na Joaquim Possidónio Narciso da Silva, msanifu wa mfalme, akafanya humo makumbusho. Yapo mpaka leo.

Ndiyo maana nasema tetemeko ni mkono mmoja. Lilivunja kanisa la kwanza. Siasa ilisimamisha la pili. Kulifanya gofu la kudumu ni uamuzi wa watu waliokaa kikao.

#10 Mswahili_wa_Malindi

Hii ya watu kuamua inanifungua macho. Sisi magofu yetu mengi tunayaita ya zamani tu, hatuulizi nani aliyahama, nani aliyaacha, nani alichukua mawe. Humo kwenye makumbusho kuna nini?

#11 MwanaMzizima

Vitu vya kila namna, kwa sababu Possidónio alikuwa anaokoa mawe kutoka makanisa na nyumba za watawa zilizofungwa nchi nzima. Kuna jeneza la jiwe la mfalme Fernando wa Kwanza, lililoletwa kutoka Santarém, limechongwa vizuri mno. Masalia ya Nuno mwenyewe hayapo hapo, yako kanisa la mtaa wa Campo de Ourique lililopewa jina la cheo chake.

Kuna pia kitu ambacho binafsi kinanisumbua. Miili ya watoto wawili kutoka Peru, imekaushwa, imekaa mkao wa kukunja magoti, ndani ya vioo. Ni ya karne ya 16. Watalii wanapiga picha. Mimi mara ya kwanza nilitoka nje nikakaa kwenye benchi.

#12 BintiMrima

Kaka hapo hata mimi ningetoka. Hao ni watoto wa watu. Nyumbani bado ukoo wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, unatafuta kichwa chake tangu Wajerumani walipomnyonga huko Moshi mwaka 1900. Anayesema ni mifupa ya zamani tu, aulize wenye mifupa.

#13 Fundi_Boriti

Dada nakuunga mkono. Kama walijua kuhifadhi jeneza la mfalme wao kwa heshima, heshima hiyo hiyo iwafike na hao watoto.

#14 MwanaMzizima

Naam. Na sina la kuongeza hapo.

Nilisema nitarudi kwenye kambi. Nyumba ya watawa wa Carmo ilikuja kuwa makao makuu ya kikosi cha askari wa ulinzi wa taifa, ukuta kwa ukuta na gofu. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa vijana wa jeshi la Ureno waliasi serikali. Walikuwa wamechoka na vita vya makoloni: Angola, Guinea-Bissau, Msumbiji. Waziri mkuu Marcelo Caetano akakimbilia ndani ya kambi ya Carmo. Kapteni Salgueiro Maia, aliyetoka Santarém usiku na magari yake ya deraya, akaizingira. Huyu kapteni mwenyewe alishapigana Msumbiji na Guinea, anajua alichokichoka. Uwanja mdogo wa mbele ya kanisa ukajaa watu, wengine juu ya miti. Akatangaza kwa kipaza sauti, akatoa muda, muda ukapita, akaamuru risasi zipigwe kwenye ukuta wa mbele wa kambi. Jioni karibu saa 12 Caetano akajisalimisha kwa Jenerali Spínola na kutolewa ndani ya gari la deraya. Utawala uliodumu miaka 48 ukaishia hapo, mlango wa pili kutoka kanisa la Nuno.

Kwa jirani zetu wa kusini maana yake ilikuwa kubwa. Tarehe 7 Septemba mwaka huo huo FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na Ureno walitia saini mkataba Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

#15 Mzee_wa_Newala

Wanangu, huwa nasoma tu siandiki, lakini leo niacheni niandike.

Mimi nimekulia karibu na Ruvuma. Vita vilipoanza Septemba 1964 nilikuwa mtoto wa shule. Wamakonde wenzetu wa ng'ambo walivuka usiku na vitoto mgongoni na vyungu kichwani. Walilala kwetu, kwa shangazi zetu, maana ni ndugu, mto haukuwatenga. Kuna waliokaa miaka kumi. Mama yangu alimpa mama mmoja nusu ya shamba la mihogo, na watoto wake nilisoma nao darasa moja. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam 1962, na Dar ndiko bomu lilikomuua kiongozi wake, Mondlane, Februari 1969. Vita vile vilikuwa nyumbani kwetu.

Ile siku ya Aprili 1974 tuliisikia redioni kwamba serikali ya Ureno imeanguka. Watu wazima hawakuamini. Yule mama aliyepewa shamba alinyamaza kimya, kisha akaanza kufunga mizigo siku hiyo hiyo, na baba akamwambia asubiri kwanza, bado. Alisubiri mwaka mzima mizigo ikiwa imefungwa.

Sikuwahi kujua kwamba jambo lenyewe lilimalizikia ubavuni mwa kanisa bovu. Mwanangu MwanaMzizima, huo uwanja ukoje?

#16 MwanaMzizima

Shikamoo mzee. Asante sana kwa kuandika. Nimeisoma mara tatu.

Uwanja ni mdogo, hauzidi kiwanja cha shule ya msingi. Katikati kuna kisima cha mawe cha karne ya 18 chenye matao manne, watu walikuwa wanachota maji hapo. Miti yake ni mijakaranda, ile ile ya Nairobi, ila huku inachanua Mei na Juni wakati ile ya Nairobi inachanua Oktoba na Novemba. Mlango wa kambi uko upande mmoja na askari wa zamu amesimama, mlango wa kanisa uko pembeni yake. Sakafuni kuna bamba la mviringo lenye jina la Salgueiro Maia. Watu wanalikanyaga wakienda kupanda lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyojengwa 1902 kuwashusha bondeni.

#17 Mzee_wa_Newala

Marahaba. Kama si taabu, nipigie picha ya huo mlango wa kambi. Mtoto mmoja wa yule mama yuko hai, anakaa Mueda, Msumbiji, tunaongea kwa simu. Nataka nimtumie.

#18 MwanaMzizima

Si taabu hata kidogo, mzee. Jumamosi sina zamu. Nitakwenda asubuhi kabla watalii hawajajaa, nikupigie wa kambi, na wa kanisa pia, ule wa Nuno wenyewe.